Nani Anashika Kanuni? Omweso, Bao na Zana za Kuhamishia Michezo ya Ubao kwenye Kompyuta

Utangulizi

Simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000 na kuenea mno Afrika Mashariki, ilikuja na michezo minne ndani yake. Ule wa nyoka unakumbukwa na kila mtu. Mwingine uliitwa Bantumi. Ni mchezo wa mashimo na mbegu, wa ukoo ambao wataalamu huuita mankala. Mtu wa Buganda, wa Rwanda au wa Unguja aliyeufungua aliutambua ukoo huo mara moja, lakini alitambua pia kwamba mchezo wenyewe si wa kwao. Bantumi ina safu mbili za mashimo sita sita, na ghala moja kila upande. Omweso wa kwetu Uganda una safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na mbegu 64. Igisoro ya Rwanda na bao la Kiswahili la pwani hutumia ubao wa mashimo 32 na mbegu 64 vilevile. Mchezo uliotufikia mfukoni ulikuwa ndugu wa mbali, tena ndugu aliyepata umbo lake Marekani.

Katika insha hii ninakusudia kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, na nini kimebadilika tangu wakati huo. Sitazungumzia michezo ya kompyuta kwa jumla. Nitazungumzia zana, na kwa neno hilo ninamaanisha programu ambazo kazi yake si kucheza mchezo mmoja, bali kumwezesha mtu kuuhamishia mchezo wa ubao anaoujua kwenye kompyuta ili ausogeze, aucheze na mtu aliye mbali, au acheze na mashine yenyewe. Hoja yangu ni kwamba historia ya zana hizi inaweza kusomwa kama majibu mbalimbali ya swali moja: nani anashika kanuni, mashine au wachezaji? Kwa michezo yetu, ambayo kanuni zake zimekaa vinywani na mikononi mwa watu kuliko vitabuni, jibu la swali hilo linaamua ni mchezo gani utabaki.

Mashine moja, mchezo mmoja

Mwanzoni hapakuwa na zana. Palikuwa na programu, na kila programu ilijua mchezo mmoja tu. Mwaka 1952, A. S. Douglas wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliifanya kompyuta iliyoitwa EDSAC icheze mchezo wa sifuri na msalaba. Mwaka huohuo Christopher Strachey aliendesha programu ya drafti kwenye kompyuta ya Manchester. Huko Marekani, Arthur Samuel wa kampuni ya IBM alitengeneza programu ya drafti iliyojiboresha kwa kujifunza kutokana na michezo iliyocheza. Njia hiyo ndiyo iliyofika hadi Deep Blue, mashine iliyomshinda bingwa wa sataranji Garry Kasparov mwaka 1997.

Kazi hizi zilikuwa kubwa, lakini zote zilikuwa na tabia moja. Kanuni za mchezo zilikuwa ndani ya programu kama chumvi ndani ya mchuzi: zimeenea kila mahali, na huwezi kuzitoa ukaweka nyingine. Aliyetaka mchezo mwingine alilazimika kupika upya tangu mwanzo. Kwa hiyo uchaguzi wa mchezo wa kuandikiwa programu ulikuwa jambo zito. Mtaalamu angetumia miezi au miaka kwa mchezo mmoja, naye alichagua mchezo anaoufahamu, au ule ambao kanuni zake ni chache na zimekwisha kuandikwa.

Hapa ndipo Kalah ilipopata nafasi yake. Kalah ilibuniwa mnamo mwaka 1940 na Mmarekani William Julius Champion, aliyechukua wazo la mankala akalirahisisha, kisha akauza mbao zake. Mchezo huo uliuzwa pamoja na karatasi ya maelekezo. Kanuni zake zilikuwa za namna moja popote ulipouzwa, na zilienea kwenye ukurasa mmoja. Mwaka 1964, katika maabara ya akili mnemba ya Stanford, Richard Russell aliandika ripoti kuhusu programu ya Kalah. Mwaka 2000, Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walitangaza kwamba wameutatua mchezo huo kwa kompyuta, yaani imejulikana nani atashinda katika ubao wa aina nyingi za Kalah iwapo pande zote mbili zitacheza bila kukosea. Bantumi ya kwenye simu ilitoka katika ukoo huo wa Kalah.

Mchezo mmoja wa Afrika uliofika mbali katika utafiti huo ni Awari, ambao asili yake ni Afrika Magharibi. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit, Amsterdam, waliutatua kwa kupitia mikao zaidi ya bilioni 889, na jibu likawa sare. Awari nayo ina safu mbili, mashimo 12 na mbegu 48. Michezo ya safu nne, ambayo ndiyo yetu, ilikuwa bado mlangoni.

Nisieleweke kwamba ninawalaumu watafiti hao. Walichagua kilichowezekana kwa mashine walizokuwa nazo. Ninachosema ni kwamba mchezo uliokuwa rahisi kuandikwa ndio ulioingia kwanza, na uliotangulia kuingia ndio ulioonekana kuwa mankala yenyewe.

Meza bila mwamuzi

Badiliko kubwa lilikuja katika miaka ya 1990, na halikuletwa na watafiti wa akili mnemba. Lililetwa na wachezaji wa michezo ya vita ya ubaoni. Michezo hiyo, iliyopendwa sana Marekani na Uingereza, ina ramani kubwa, mamia ya vipande vya karatasi ngumu na vitabu vya kanuni vya kurasa nyingi. Mchezo mmoja huweza kuchukua siku kadhaa, na kumpata mpinzani karibu na nyumbani ni shida. Kabla ya intaneti, wachezaji waliandikiana barua wakielezana hatua walizopiga.

Haja hiyo ndiyo iliyozaa zana za kwanza. Katikati ya miaka ya 1990 zilitokea programu kama Aide de Camp na CyberBoard. CyberBoard, kazi ya Dale Larson, ilimruhusu mtu asiyejua kuandika programu kuingiza picha ya ramani na picha za vipande, kuvipanga, kisha kumtumia mwenzake faili la hatua zake kwa barua pepe. Mwishoni mwa miaka hiyo Rodney Kinney alitengeneza programu kwa ajili ya mchezo mmoja, Advanced Squad Leader. Programu hiyo iliitwa VASL. Baadaye aliona kwamba meza aliyoitengeneza ingeweza kubeba michezo mingine, akaipanua ikawa VASSAL. Imeandikwa kwa lugha ya Java, haiuzwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Namna VASSAL inavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa utulivu. Mchezo mmoja ndani yake huitwa moduli. Moduli ni faili moja lililofungasha picha za ubao, picha za vipande, na maelezo ya kipande gani kinaweza kugeuzwa, kufichwa au kuzungushwa. Programu hutoa dadu, karata za kuchanganywa, sehemu ya kuandikiana ujumbe, na kumbukumbu ya kila hatua ili mchezo uweze kurudiwa baadaye. Lakini kwa kawaida VASSAL haijui kanuni. Ukisogeza kipande mahali kisiporuhusiwa, itakuacha. Mpinzani wako ndiye atakayesema, na mtabishana, kama ambavyo mngebishana mezani.

Tabletop Simulator, iliyotengenezwa na Berserk Games na kukamilika mwaka 2015, iliendeleza wazo hilohilo kwa picha zenye kina. Vitu ndani yake vina uzito na huanguka. Mchezaji mwenye hasira anaweza hata kuipindua meza. Watumiaji wenyewe wamehamishia humo michezo mingi kupita kiasi, na anayetaka kuongeza kanuni za kujiendesha hutumia lugha ya Lua. Lakini hata asipofanya hivyo, mchezo unachezeka.

Zana za aina hii nitaziita meza bila mwamuzi. Faida yake ni kwamba anayehamisha mchezo halazimiki kuandika kanuni hata moja. Anahamisha ubao na vipande tu. Kanuni zinabaki kwa watu. Hasara yake ni hiyohiyo: watu wasiojua kanuni hawatazipata humo.

Mwamuzi aliyeandikwa

Njia ya pili ilikuwa kuitenga kanuni na programu. Badala ya kuandika programu ya mchezo mmoja, unaandika programu inayoelewa lugha ya kuelezea michezo, kisha kila mchezo unaandikwa kwa lugha hiyo katika faili fupi. Mwaka 1998 Jeff Mallett na Mark Lefler walitoa Zillions of Games. Mtumiaji alifungua faili la maandishi, akaeleza ubao una nafasi zipi, vipande vinakwenda vipi, na ushindi unapatikanaje. Mashine ikasoma, ikawa mwamuzi na mpinzani kwa pamoja. Lugha yake ilifaa zaidi michezo ya vipande vinavyotoka nafasi moja kwenda nyingine, kama sataranji na drafti. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha mashindano ya programu zinazopewa kanuni za mchezo zisioujua na kutakiwa kuucheza papo hapo.

Njia hii ndiyo iliyofikisha michezo yetu ndani. Mwaka 2018 Cameron Browne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walianza mradi wa miaka mitano uliogharimiwa na Baraza la Utafiti la Ulaya. Zana waliyoitengeneza inaitwa Ludii. Lengo lao lilikuwa kuieleza michezo ya jadi ya dunia nzima kwa lugha moja, ili iweze kuchezwa na kulinganishwa. Leo Ludii ina michezo zaidi ya 1,000, na ukoo wa mankala una sehemu kubwa ndani yake. Kwa mwanafunzi wa historia ninaona mambo mawili ya maana katika zana hii: mchezo mmoja unaweza kuwekewa kanuni za namna zaidi ya moja, na kanuni zinaweza kuambatishwa na chanzo zilikotoka.

Ipo pia njia ya tatu, ya tovuti kama Board Game Arena iliyoanzia Ufaransa mwaka 2010, ambako kila mchezo huandikiwa msimbo wake na mtu anayejua kuandika programu, na mashine inalinda kila kanuni. Watu wengi waliingia humo wakati wa janga la korona, mwaka 2020, walipokatazwa kukutana. Lakini kwa upande wa swali letu, njia hiyo ni ndugu wa njia ya pili: mashine ndiyo mwamuzi.

Omweso mbele ya mwamuzi

Ili nisibaki kwenye nadharia, nilichukua daftari na kwenda kwa wazee wawili wanaocheza omweso kila jioni kwenye kituo cha biashara karibu na kwetu, upande wa Masaka. Nia yangu ilikuwa kuandika kanuni kwa Kiswahili, kwa ukamilifu unaoweza kutosha zana ya aina ya pili. Kanuni zenyewe zilishawahi kuandikwa: Michael Nsimbi alichapisha maelezo ya omweso mwaka 1968, na kabla yake Waingereza waliokuwa Uganda waliandika makala katika miaka ya 1930. Lakini nilitaka kusikia kwa wanaocheza.

Mchezo wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake na mbegu 32, zinazoitwa empiki kwa Kiganda. Anachagua shimo lenye mbegu mbili au zaidi, anazichota zote na kudondosha moja moja akizunguka kinyume cha mwendo wa saa. Mbegu ya mwisho ikiangukia shimo lenye mbegu, anachota tena na kuendelea. Ikiwa shimo hilo liko safu ya ndani, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyo mbele yake yana mbegu, anazila na kuzipanda upande wake. Anayekosa shimo lenye mbegu mbili ameshindwa.

Aya hiyo inaonekana wazi. Mashine haiielewi. Nilipoanza kuandika nilikutana na maswali ambayo mzee hajawahi kuulizwa. “Shimo lenye mbegu” maana yake nini? Mbegu ya mwisho ikishaanguka, kila shimo lina mbegu. Inabidi kusema “shimo lililokuwa na mbegu kabla ya hiyo kuanguka”. Mbegu zilizoliwa zinaanza kupandwa wapi? Mzee wa kwanza alisema, “Unaanzia ulikoanzia.” Lakini zamu moja inaweza kuwa na mizunguko mingi. Nilipomwuliza ni mwanzo wa zamu nzima au mwanzo wa mzunguko uliokula, alinitazama kwa huruma, akachukua mbegu na kunionyesha kwa mkono. Ni mwanzo wa mzunguko uliokula. Mkono wake ulikuwa unajua kwa usahihi kile ambacho sentensi yake haikukisema.

Kisha kuna zamu isiyokwisha. Katika omweso yawezekana mbegu zikaendelea kuzunguka bila kusimama. Binadamu huchoka, na kwenye mashindano huwekwa kikomo cha muda. Mashine haichoki. Anayeandika kanuni lazima aamue ni baada ya hatua ngapi mashine isimame, na uamuzi huo haupo kwenye mapokeo. Ni wake mwenyewe.

Jambo lililonifundisha zaidi lilikuwa ubishi kuhusu akakyala. Akakyala ni ushindi wa mapema: mchezaji anakula katika zamu mbili tofauti kabla mpinzani hajala hata mara moja. Mzee wa kwanza alisema mchezo umekwisha hapo. Mzee wa pili alisema hayo ni mambo ya mashindano; barabarani watu wanaendelea, na aliyefanyiwa akakyala anachekwa tu. Walibishana kwa robo saa, kisha wakaanza mchezo mpya bila kuamua. Kwao ubishi huo haukuzuia lolote. Kwa zana ya aina ya pili unazuia kila kitu: lazima kuwe na jibu moja, au kuwe na majibu mawili yaliyoandikwa na mtumiaji achague.

Zana za aina ya kwanza zisingenipa shida hiyo. Ningepiga picha ubao, nikaziweka mbegu 64 juu yake, na wazee hao wangeweza kucheza na jamaa zao walioko London au Toronto, wakibishana kuhusu akakyala kama kawaida. Lakini kuna kitu kingine ambacho zana hizo hazibebi. Wachezaji wa omweso hucheza upesi. Mtu akikawia, huhesabiwa kwa sauti, “emu, bbiri”, na akizidi kukawia anaweza kupokonywa zamu. Kuvuta mbegu moja moja kwa kipanya kunaua mwendo huo kabisa.

Kwa hiyo hakuna zana isiyopoteza kitu. Mwamuzi aliyeandikwa anahifadhi mwendo na kupoteza ubishi. Meza bila mwamuzi inahifadhi ubishi na kupoteza mwendo.

Maneno ndiyo kanuni

Sasa nivuke hadi pwani, kwa sababu bao la Kiswahili linaonyesha upande wa jambo hili unaotuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Bao lina hatua mbili. Katika hatua ya namua kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya pembeni yake. Kete 22 anazo mkononi na huziingiza moja moja. Zikiisha, inaanza hatua ya mtaji. Kuna kula, na kuna kutakata pale usipoweza kula. Kuna kichwa na kimbi mwishoni mwa safu, na nyumba ina sheria zake peke yake: kete ya mwisho ikiifikia, wakati mwingine mchezaji ana hiari ya kulala hapo au kuivunja na kusafiri.

Mholanzi Alexander de Voogt alijifunza bao kwa mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akatoa kitabu cha utafiti wake Leiden kuhusu umahiri wa mabingwa hao. Watafiti wa Maastricht, Donkers na Uiterwijk, waliandika mwaka 2002 kuhusu namna ya kuliandikia bao programu. Katika fani hiyo maneno namua, mtaji, nyumba na takasa yalibaki ya Kiswahili. Ninaamini sababu si heshima peke yake. Kila neno hapo limebeba kanuni nzima. “Namua” si jina la mwanzo wa mchezo tu. Linaeleza kete zinatoka wapi, zinaingia shimo gani, na kula ni lazima lini. Aliyelijua neno ameijua nusu ya kanuni.

Nilipokuwa nikiandika kanuni za omweso niligundua undugu ambao sikuutarajia. Ushindi mkubwa katika omweso ni emitwe ebiri, yaani vichwa viwili: kula kwenye ncha zote mbili za mpinzani katika zamu moja. Wapwani nao huita shimo la mwishoni kichwa. Watu wa ziwani na watu wa pwani wameutazama ubao uleule wa mashimo 32 na kuuona kama kiumbe chenye kichwa huku na huku. Hilo huwezi kulijua kwa kutazama mbegu zikitembea zenyewe kwenye skrini. Unalijua kwa kusikia watu wakisema.

Na hapa ndipo ninapoona hatari iliyo kubwa kuliko ya kanuni moja kukosewa. Mashine inapochota, kudondosha na kula yenyewe, mchezaji anagusa shimo na kusubiri. Hana haja ya kutaja lolote. Mdogo wangu alijifunza omweso kwenye simu yake na anacheza vizuri. Siku moja alipocheza na babu, babu alitangaza ushindi kwa jina lake la Kiganda. Kijana akajibu kwamba mchezo bado unaendelea, kwa kuwa kwenye simu ushindi huo haupo, na akamwambia, “Jjajja, hiyo siyo kanuni.” Babu hakubishana. Alikusanya mbegu zake na kwenda kunywa chai. Aliyeandika programu ile alikuwa ameacha kanuni moja, labda kwa kutoijua, labda kwa kupunguza kazi. Lakini mbele ya kijana, mashine ilikuwa shahidi wa kuaminika kuliko mzee aliyecheza miaka sitini.

Michezo ya madukani ina mwenyewe. Anayetengeneza moduli ya mchezo wa kampuni anapaswa kutafuta ruhusa, na akikosea kampuni itasema. Omweso hauna kampuni. Yeyote anaweza kuuandika apendavyo na kuuita omweso, na hakuna ofisi itakayomwandikia barua. Uhuru huo ni mzuri, kwa sababu ndio unaoniruhusu hata mimi kujaribu. Lakini maana yake ni kwamba kazi ya kusema “hapa pamepunguka kitu” imebaki kwetu sisi wenye mchezo.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba zana za kuhamishia michezo ya ubao kwenye kompyuta zilipitia njia tatu: programu ya mchezo mmoja iliyomeza kanuni, meza inayowaachia wachezaji kanuni zao, na lugha ya kuelezea kanuni ili mashine izisimamie. Njia ya kwanza ilitupita kando na kutuletea Kalah. Mbili zilizobaki zinatufaa, kila moja kwa upande wake, na wala si lazima tuchague moja.

Mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, tuanze na meza bila mwamuzi. Inahitaji picha nzuri za ubao na mchana mmoja wa kazi, nayo itawaunganisha wazee na jamaa walio mbali bila kumlazimisha yeyote kubadili namna anavyocheza. Michezo hiyo ikihifadhiwa hatua kwa hatua, tutakuwa na kumbukumbu ya namna watu wanavyocheza kweli. Pili, kutokana na kumbukumbu hizo, kanuni ziandikwe kwa lugha ya zana kama Ludii, na kila tofauti ya mahali iandikwe kama tofauti, pamoja na jina la mahali. Ubishi wa akakyala usitatuliwe, uandikwe. Tatu, kila kanuni ibaki na neno lake la Kiganda, Kinyarwanda au Kiswahili, na neno hilo lionekane kwenye skrini tendo lenyewe linapofanyika. Mbegu zikiliwa kwenye ncha zote mbili, mashine iseme emitwe ebiri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika suala hili daftari tayari limefunguliwa, na wengine wamekwisha kuanza kuandika ndani yake, wengi wao kwa uaminifu. Kazi ya kuandika sentensi kama “shimo lililokuwa na mbegu kabla ya hiyo kuanguka” si kazi ya mhandisi wa kompyuta peke yake. Ni kazi ya mtu anayejua kuchagua neno, kuuliza mzee swali la pili, na kusikia tofauti kati ya majibu mawili yanayofanana. Idara zetu za lugha zina watu wa namna hiyo. Kurasa mbili za kanuni nilizoandika kwa Kiswahili zimo katika daftari langu, zikiwa na majibu ya wazee wote wawili kuhusu akakyala, moja chini ya jingine. Ningefurahi iwapo mwenzangu wa Kigali, Bujumbura au Bukavu angeniletea za kwao tuziweke pamoja.